Kufundisha Uhamaji kwa Kubadilishana Wanafunzi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Walimu

Ukurasa huu umetokana na maswali ambayo walimu wa sekondari wa Tanzania huuliza wanapoanza mradi wa uhamaji na shule rafiki ya Ujerumani, au wanapokwama katikati. Mengi yanamfaa pia anayeshirikiana na shule ya Poland, Uingereza au nchi jirani. Maswali yamepewa namba ili tusirudie jibu lilelile. Ukiambiwa "tazama swali la 10", nenda huko.

## Mambo ya msingi

1. Uhamaji si tayari tunaufundisha kwenye Jiografia na Historia? Shule ya nje ya nini tena?

Upo kwenye masomo, ndiyo, na mwanafunzi wa kidato cha tatu anaweza kukutajia sababu sita za watu kuhama bila kupepesa macho. Tatizo ni kwamba anazitaja kana kwamba hazimhusu mtu yeyote anayemjua. Ataandika "ukosefu wa ajira" akamsahau dada yake aliyeko Oman. Ataandika "vita" na huku dawati la nyuma ameketi mjukuu wa Mrundi aliyeingia nchini mwaka 1972.

Akiulizwa na mwenzake wa Hamburg, "Je, kwenu watu huhama?", daftari halimtoshi tena. Inabidi arudi nyumbani akamuulize bibi. Mwenzake naye akiulizwa vivyo hivyo, anagundua kwamba darasa analoliona la Wajerumani watupu lina watoto ambao bibi na babu zao walizaliwa Anatolia (Uturuki) au Silesia (Poland ya leo), na wengine ambao wenyewe wamezaliwa Kharkiv, Ukraine. Swali la mtu wa nje ndilo linaloifanya kazi hii. Ndege ni nyongeza tu.

2. Kwa hiyo si lazima kusafiri?

Si lazima. Mradi wa muhula mzima kwa barua, sauti na picha una faida kuliko ziara ya siku kumi isiyo na maandalizi, ambayo mara nyingi huishia kwenye ngoma, mbuga na picha za kukumbatiana. Ziara ikipatikana, ije baada ya kazi ya mezani kufanyika, wanafunzi wakiwa wanajuana majina na wana maswali ambayo hayajajibika.

3. Mhamiaji na mkimbizi tuwatofautishe vipi darasani?

Kwa sheria. Mkataba wa Geneva wa mwaka 1951 unamtambua kama mkimbizi mtu aliye nje ya nchi yake kwa hofu ya msingi ya kuteswa kwa sababu ya kabila au rangi, dini, utaifa, kundi lake la kijamii au msimamo wake wa kisiasa. Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wa mwaka 1969 ukaongeza anayekimbia uvamizi, kukaliwa na taifa la kigeni, au machafuko yanayovuruga vibaya usalama wa umma. Nyongeza hiyo ni ya Kiafrika, na wanafunzi wetu wanastahili kuijua kabla hawajaenda kusikiliza somo la haki za binadamu ugenini.

Mhamiaji ni neno pana zaidi: anayefuata kazi, masomo, ndoa, malisho. Aliyetoka Kigoma kwenda Kariakoo kuuza nguo ni mhamiaji pia, ingawa hakuvuka mpaka. Msiwaruhusu wanafunzi wamwache nje.

4. Umri gani unafaa?

Kidato cha pili na cha tatu. Kidato cha nne wana mtihani, na wazazi hawatakusamehe. Ujerumani tafuta darasa la tisa au la kumi.

## Kazi ya darasani

5. Tuanzie wapi?

Anzeni na ramani ya familia, na pande zote mbili zifanye zoezi lilelile wiki ileile. Kila mwanafunzi anauliza nyumbani: baba, mama, bibi na babu wa pande zote mbili walizaliwa wapi, na kila mmoja alihama lini na kwa nini. Ramani ya dunia inabandikwa ukutani, anachukua uzi wa kushonea, anaufunga kwenye pini ya mahali alipozaliwa bibi na kuuvuta hadi shuleni.

Dar es Salaam nyuzi hutoka Songea, Kigoma, Pemba, Kilimanjaro, na katika shule za mjini huvuka bahari hadi Gujarat (India) na Hadhramaut (Yemen). Mwanafunzi anayesema kwao ni Songea na ni Mngoni, mwambie uzi usiishie hapo: wazee wake walitoka Afrika Kusini, wakavuka Zambezi mwaka 1835, na walifika Ufipa kabla ya kushuka Songea. Ujerumani nazo huja nyuzi za Uturuki, kwa sababu ya mkataba wa kuajiri wafanyakazi wa mwaka 1961. Za Poland na Ucheki ya leo, kwa sababu Wajerumani wapatao milioni 12 walikimbia au kufukuzwa mashariki mwa Ulaya mwishoni mwa vita vya pili na baada yake. Na za Syria na Ukraine.

Pigeni picha ramani zote mbili mbadilishane. Halafu mwalimu akae kimya. Maswali yatakayotoka hapo ndiyo mada za muhula.

6. Wanafunzi wangu wanasema familia zao hazijahama popote. Nifanyeje?

Waulize nani amelala nyumbani kwao jana usiku. Mara nyingi kuna binamu aliyeletwa mjini kusoma, shangazi aliyekuja kutibiwa akabaki, dada wa kazi kutoka Dodoma. Hayo yote ni uhamaji. Na kama kweli familia haijasogea kwa vizazi vitatu, hiyo nayo ni habari: imewezekanaje, wakati majirani wote wameondoka?

7. Kuna historia gani inayoziunganisha Tanzania na Ujerumani katika uhamaji, ukiacha ukoloni wenyewe?

Ukoloni hauachiki, lakini ndani yake kuna watu, na darasa huelewa haraka zaidi likimfuata mtu.

Wa kwanza ni Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa Dunda karibu na Bagamoyo. Alikwenda Berlin mwaka 1900 kufundisha Kiswahili. Mwaka 1904 akamuoa Mjerumani, Bertha Hilske. Mwaka uliofuata walipanda meli kurudi kwao, na walipofika Tanga mamlaka ya kikoloni ikawakataza kushuka, kwa sababu mwanamume mweusi na mke mzungu hawakutakiwa katika koloni. Wakarudishwa Ujerumani. Mtoro alifia Berlin mwaka 1927. Waulizeni wanafunzi wa pande zote mbili: hapa mgeni alikuwa nani, na mpaka ulikuwa wapi?

Wa pili ni Bayume Mohamed Husen, aliyezaliwa Dar es Salaam mwaka 1904. Alipigana vita vya kwanza akiwa mtoto, upande wa Wajerumani, pamoja na baba yake. Mwaka 1929 alifika Berlin akifanya kazi melini, akadai mshahara wa jeshi ambao yeye na babaye hawakuwahi kulipwa. Hakuupata. Akabaki, akawa mhudumu wa mgahawa, akaigiza filamu, akasaidia kufundisha Kiswahili chuo kikuu. Mwaka 1941 utawala wa Nazi ulimkamata kwa uhusiano na mwanamke wa Kijerumani, na akafia kambi ya mateso ya Sachsenhausen mwaka 1944. Jina lake limewekwa kwenye jiwe la kumbukumbu katika njia ya waendao kwa miguu mjini Berlin. Kundi likifika Berlin, lipelekwe pale kabla ya Lango la Brandenburg.

Halafu geuzeni mwelekeo. Kuanzia katikati ya karne ya 19 hadi miaka ya 1930 watu wapatao milioni 5 waliondoka Ulaya kupitia bandari ya Hamburg, wengi wakielekea Amerika. Kwenye kisiwa cha Veddel, hukohuko Hamburg, yamejengwa upya mabweni waliyolala wakisubiri meli. Ni makumbusho tangu mwaka 2007. Kwetu kuna Tengeru, nje kidogo ya Arusha. Kuanzia mwaka 1942 Wapoland wapatao 5,000, wengi wao wanawake na watoto, waliishi pale kama wakimbizi, baada ya kupelekwa uhamishoni na Wasovieti na kupitia Uajemi (Iran ya leo). Walikuwa na shule zao na kanisa lao. Makaburi yao yapo hadi leo. Mtoto wa Arusha aliyewahi kuyaona hashtuki akisikia neno "mkimbizi" likimhusu mzungu, na hapo mjadala unakwenda vizuri zaidi.

8. Wenzetu wa Ulaya wanadhani Waafrika wote wanakimbilia kwao. Tujibu vipi bila ugomvi?

Kwa takwimu kwanza, kisha kwa mfano wa jirani.

Kwa hesabu za Umoja wa Mataifa, katikati ya mwaka 2024 watu milioni 304 walikuwa wakiishi nje ya nchi walizozaliwa, yaani asilimia 3.7 ya watu wote duniani. Waliolazimika kuhama kwa vita na mateso walikuwa milioni 123.2 mwishoni mwa mwaka huo, na zaidi ya nusu yao hawakuvuka mpaka wowote. Kati ya waliovuka, asilimia 67 waliishia nchi ya jirani. Uganda peke yake ina wakimbizi zaidi ya milioni 1.7. Hapo mwombe mwanafunzi wa Ujerumani aitafute Uganda kwenye ramani na kukadiria ukubwa wake kulinganisha na nchi yake. Usimwambie jibu.

Mfano wa jirani ni wakimbizi wa Burundi walioingia nchini mwaka 1972, waliopewa ardhi Ulyankulu, Katumba na Mishamo, wakalima, wakalipa kodi. Mwaka 2014 wapatao 162,000 walipewa uraia wa Tanzania. Wajerumani wengi hawajawahi kusikia habari hii, na kusema kweli hata wanafunzi wetu wengi hawajaisikia.

Ila tusijipambe. Upande wetu pia una kambi ambazo wakazi wake hawaruhusiwi kutoka bila kibali, Nyarugusu ikiwa mojawapo, iliyofunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo. Mwanafunzi wa nje akiuliza kuhusu hilo, ajibiwe kwa ukweli uleule tunaoudai kwake.

9. Intaneti yetu ni ya kusuasua na wanafunzi hawana simu shuleni. Itawezekana?

Itawezekana, ila sahau mikutano ya video ya darasa zima. Picha inaganda, sauti inakatika, watoto arobaini wanapunga mkono kwa dakika ishirini na muda umekwisha. Rekodini sauti za dakika mbili mbili kwenye simu ya mwalimu, zitumwe kwa WhatsApp usiku bando likiwa rahisi, na wenzenu wajibu hivyohivyo. Sauti ina faida nyingine: mwanafunzi anaweza kurudia hadi aridhike.

Mkipanga kukutana moja kwa moja, angalieni saa. Ujerumani iko nyuma yetu kwa saa mbili majira ya baridi na saa moja majira ya joto. Tena wao huhesabu saa kuanzia usiku wa manane: saa kumi asubuhi yao ndiyo tunayoiita sisi saa nne, kwa hiyo andikeni "10:00 Dar es Salaam" ili asikosee mtu.

10. Tutumie lugha gani?

Kiingereza kwa maelewano, Kiswahili na Kijerumani kwa hadithi za nyumbani, kisha zitafsiriwe. Bibi asilazimishwe kusimulia kwa Kiingereza. Katika shule za Ujerumani wapo watoto ambao Kijerumani ni lugha yao ya tatu. Hao mara nyingi ndio wanaowaelewa wanafunzi wetu upesi zaidi.

## Safari, pesa na karatasi

11. Nani analipa?

Kwa Ujerumani mlango unaojulikana zaidi ni ENSA, mpango wa kubadilishana wanafunzi unaoendeshwa na shirika la Engagement Global kwa fedha za wizara ya maendeleo ya nchi hiyo. Unagharamia ziara za shule zenye ushirikiano, za kwenda na za kuja. Anayeomba ni upande wa Ujerumani, kwa hiyo usipoteze muda kutafuta fomu. Andika na mwenzako wa huko, na usikubali ombi lipelekwe kabla hujalisoma. Malengo yaliyoandikwa bila wewe yatakurudia kama maagizo. Wakazi wa Dar es Salaam wana kichocheo cha ziada, kwani jiji lao lina ushirikiano rasmi na Hamburg tangu mwaka 2010.

Wazazi wachangie pasipoti na nguo za baridi. Ukiwadai zaidi ya hapo, watakaosafiri ni watoto wa wenye nacho tu.

12. Viza ya wanafunzi inapatikanaje?

Kwa ziara fupi ni viza ya Schengen (ya pamoja kwa nchi nyingi za Ulaya), isiyozidi siku 90 ndani ya siku 180. Maombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari na yasipungue siku 15. Siku 15 ni za sheria. Wewe jipe miezi mitatu. Kila mwenye umri wa miaka 12 na kuendelea hutoa alama za vidole, maana yake wanafunzi wote wafike wenyewe, na anayetoka Sumbawanga alale Dar.

Ada ya mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024. Wanafunzi na walimu wanaowasindikiza kwa ziara ya masomo husamehewa ada hiyo, lakini usipotaja hawatakukumbusha. Barua ya shule zote mbili iseme wazi kwamba ni safari ya masomo. Kituo cha kupokelea maombi kinaweza kudai ada yake ya huduma, hiyo ni pembeni. Bima ya safari iwe na kinga ya euro 30,000 au zaidi.

Kinachowakwamisha wengi ni ridhaa ya wazazi. Kwa mtoto chini ya miaka 18 zinatakiwa saini za baba na mama. Baba akiwa hajulikani alipo, au amefariki, anza kutafuta hati ya mahakama au cheti cha kifo siku ileile unapochagua majina. Vilevile jina kwenye cheti cha kuzaliwa, pasipoti na barua ya shule liwe moja: Mwanaidi asiwe Mwanahidi mahali pengine.

Na mwalimu wa serikali asisahau kibali chake mwenyewe cha kusafiri nje.

13. Wenzetu wanakuja kwetu kwa kujaza fomu mtandaoni. Je, tuwaambie wanafunzi ukweli kuhusu tofauti hii?

Waambieni, na lifanyeni kuwa somo. Kila upande uandike hatua zote za kupata viza ya kwenda kwa mwenzake: karatasi ngapi, gharama gani, siku ngapi, nani anahojiwa na anaulizwa nini. Mjerumani anajaza fomu akiwa kitandani na kulipa dola 50. Mtanzania anaombwa kuthibitisha kwamba atarudi. Bandikeni orodha mbili hizo kando kwa kando. Tumeona vijana wa Ulaya wakikasirika kuliko wetu, ambao walishazoea.

Mwanafunzi akinyimwa viza, asifichwe wala asifarijiwe kwa uongo. Barua ya kukataliwa hutaja sababu. Isomeni pamoja naye. Amueni mapema, kabla ya maombi, kama kundi litasafiri mmoja akikosa. Maoni yetu: akikosa mmoja liende, wakikosa theluthi lisiende, na wenzenu waje badala yake.

14. Wageni wakija tuwapeleke wapi?

Tengeru, kwa sababu zilizotajwa kwenye swali la 7. Bagamoyo, kwa biashara ya utumwa na misafara ya wapagazi. Na Mazimbu, Morogoro, ambako chama cha ukombozi cha ANC kilikuwa na shule ya wakimbizi wa Afrika Kusini, Solomon Mahlangu, kuanzia mwaka 1978 hadi 1992. Majengo sasa ni ya Chuo Kikuu cha Sokoine, na kuna makaburi ya waliofia uhamishoni.

Kambi ya wakimbizi, hapana. Vibali ni vigumu, na hata vingepatikana, watu waliofungiwa mahali si maonyesho ya wageni wa wiki mbili.

## Mazingira magumu

15. Mwanafunzi ana historia ya ukimbizi na hataki kuisema. Zoezi la ramani litamlazimisha.

Lisimlazimishe. Kila zoezi liwe na njia ya kutokea inayoonekana ya kawaida: mwanafunzi anaweza kuchagua familia yake, ya jirani, au mtu wa kihistoria kama wale wa swali la 7. Tangazeni hivyo kwa wote tangu mwanzo, ili anayechagua jirani asiulizwe kwa nini. Hadithi inayotumwa nje ya nchi isomwe kwanza na aliyeitoa, na jina na picha yake vitoke tu kwa idhini yake na ya mzazi. Idhini hiyo inaweza kufutwa hata siku ya mwisho.

16. Katika shule rafiki kuna mwanafunzi mkimbizi. Ataweza kuja Tanzania?

Inategemea hadhi yake. Aliyekwisha kutambuliwa kama mkimbizi hupewa hati ya kusafiria chini ya Mkataba wa 1951, lakini huenda nayo popote isipokuwa nchi aliyoikimbia. Kwa kuwa si pasipoti ya kawaida, ubalozi wa Tanzania uulizwe mapema kuhusu viza. Anayesubiri uamuzi kwa kawaida hawezi kutoka bila kuhatarisha maombi yake, hata kama mwalimu wake ana nia njema kiasi gani. Mpeni kazi yenye uzito ya kuongoza mradi kutoka huko, si ya kusubiri picha.

17. Na mwanafunzi wetu asiye raia?

Waliopata uraia mwaka 2014 na watoto wao ni Watanzania, na wanaomba pasipoti kama wengine, ingawa wajiandae kuulizwa maswali zaidi. Aliye bado mkimbizi aongozwe na Idara ya Huduma kwa Wakimbizi kabla hujamtaja popote. Usiahidi.

18. Mzazi mmoja amesema waziwazi kwamba mtoto akifika huko asirudi. Tufanyeje?

Mwite, msikilize, usimdhihaki. Huenda familia nzima imemwekea mtoto huyo matumaini. Kisha mweleze kwamba akibaki, viza za shule kwa miaka ijayo zitakuwa ngumu, na mtoto mwenyewe atakaa bila karatasi katika nchi asiyomjua mtu. Mwanafunzi anayetaka kusoma Ulaya apewe njia halali: kozi za Kijerumani, viza ya masomo, mafunzo ya ufundi. Baada ya mazungumzo hayo, kama bado una shaka, mtoe kwenye orodha ya safari na umwache kwenye mradi.

19. Ziara imekwisha, sasa wanafunzi wanaandikiana wenyewe na baadhi wanaomba pesa. Tuingilie?

Msizuie urafiki, hamtaweza. Kabla ya ziara wekeni kanuni moja inayosainiwa pande zote: hakuna pesa kati ya mwanafunzi na mwanafunzi. Ombi la ada au matibabu lipelekwe kwa walimu waratibu wawili, lijadiliwe, na lijibiwe kwa maandishi ndani ya wiki, hata kama jibu ni hapana.